Kisukari: Jinsi kihisi cha sukari kinavyounganishwa na simu, na kwa nini maandalizi huja kabla ya kukiwasha

Kutoka Kyebando, katika tarafa ya Kawempe kaskazini mwa Kampala, hadi Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago ni safari fupi ya boda boda. Ukaribu huo ni faida kubwa kwa anayeishi na kisukari, lakini haumsaidii sana saa nane za usiku, sukari inaposhuka naye yumo usingizini. Ni katika saa kama hizo ambapo kifaa kidogo chenye ukubwa wa sarafu, kilichobandikwa nyuma ya mkono na kuunganishwa na simu, kinaweza kumwamsha mgonjwa au mzazi wake kabla mambo hayajaharibika.

Kifaa hicho ni kihisi cha sukari. Si dawa wala hakitibu kisukari. Kazi yake ni kupima kiwango cha sukari mchana na usiku na kupeleka matokeo kwenye simu, bila mtu kulazimika kuchoma kidole kila mara.

Hata hivyo, kihisi kina sharti moja ambalo wengi hulitambua wakiwa wamechelewa: kikishawashwa, siku zake huanza kuhesabika na hakuna njia ya kuzisimamisha. Kihisi cha siku 14 kilichowashwa kwa simu isiyofaa hakiwezi kuzimwa na kurudishwa ndani ya kasha. Kwa familia iliyojinyima ili kukipata, au iliyoletewa na ndugu aliyeko ng'ambo, kosa la dakika tano huwa hasara ya wiki mbili.

Kihisi kinapima nini?

Watu wengi hudhani kwamba kihisi hupima damu. Sivyo. Chini ya kibandiko kuna uzi mwembamba unaoingia milimita chache tu ndani ya ngozi na kukaa katika majimaji yanayozunguka seli za mwili. Uzi huo umepakwa kimeng'enya kinachoitwa glukosi oksidesi. Sukari inapokutana na kimeng'enya hicho, hutokea mabadiliko ya kikemikali yanayozalisha umeme mdogo sana. Sukari ikiwa nyingi, umeme huongezeka. Ikiwa kidogo, hupungua. Kifaa huusoma umeme huo na kuugeuza kuwa namba.

Wazo hilo si jipya. Watafiti wa Marekani Leland Clark na Champ Lyons walilieleza mwaka 1962. Kifaa cha kwanza cha kupima sukari mfululizo kiliidhinishwa Marekani mwaka 1999, lakini wakati huo matokeo yalisomwa na daktari baada ya siku kadhaa. Mwaka 2014 kihisi cha FreeStyle Libre cha kampuni ya Abbott kiliingia katika soko la Ulaya, na mwaka uliofuata Marekani iliidhinisha Dexcom G5, kifaa kilichopeleka matokeo moja kwa moja kwenye simu.

Wazazi walikuwa wameonyesha njia mapema zaidi. Mwaka 2013 John Costik, mhandisi wa programu za kompyuta katika jimbo la New York ambaye mwanawe mdogo alikuwa na kisukari cha aina ya kwanza, alibuni njia ya kuzituma namba za kihisi cha mtoto kwenye intaneti ili aweze kuzifuatilia akiwa kazini. Kutokana na kazi yake na ya wenzake ulizaliwa mradi wa Nightscout, ambao programu yake hutolewa bure hadi leo.

Simu gani inafaa?

Hili ndilo swali la kwanza, nalo hujibiwa kabla ya kasha la kihisi kufunguliwa. Vihisi huwasiliana na simu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni NFC, ile ile inayotumika katika kadi za benki zinazogusishwa tu kwenye mashine. Simu husogezwa karibu kabisa na mkono, umbali wa sentimita chache, na namba hutokea. Njia ya pili ni Bluetooth, ambayo hupeleka namba zenyewe bila kusogeza chochote, ilimradi simu iwe ndani ya umbali wa mita 6 hadi 10 kutegemea aina ya kihisi. Baadhi ya vihisi hutumia NFC wakati wa kuwashwa tu, kisha kazi iliyobaki hufanywa na Bluetooth.

Tatizo ni kwamba simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa katika maduka ya Kampala zina Bluetooth lakini hazina NFC. Mtu anaweza kuwa na simu mpya yenye kioo kikubwa na kamera nzuri, lakini isiweze kuwasha kihisi. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kufungua mipangilio ya simu na kuandika herufi NFC katika kisanduku cha kutafutia. Zisipotokea, simu hiyo haina uwezo huo, na hakuna programu inayoweza kuuongeza.

Jambo la pili ni programu yenyewe. Watengenezaji hutoa programu zao nchi kwa nchi, na huchapisha orodha ya simu na matoleo ya mfumo yaliyojaribiwa. Kihisi kilichonunuliwa Dubai au London kinaweza kudai programu ambayo duka la programu la simu iliyosajiliwa Uganda haliionyeshi. Kwa hiyo, anayeagiza kihisi kutoka nje anapaswa kwanza kuipakua programu, kuifungua na kufikia hatua ya mwisho ya usajili. Ikikwama hapo, fedha zingali mfukoni.

Kwa asiye na simu inayofaa, baadhi ya vihisi huweza kusomwa kwa kifaa maalumu kinachouzwa pekee. Kifaa hicho kina umuhimu wa pekee kwa watoto, kwa kuwa shule nyingi nchini Uganda haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Mzazi wa mwanafunzi wa bweni anapaswa kukubaliana na mwalimu na muuguzi wa shule kabla ya muhula kuanza: nani atakitunza kifaa, nani atakisoma usiku, na sukari kidogo ya dharura itawekwa wapi.

Hatua za kuunganisha

Maelekezo ya kila aina hutofautiana, na karatasi iliyomo ndani ya kasha ndiyo ya kufuatwa. Hata hivyo, mpangilio wa kazi unafanana.

Kwanza, simu ichajiwe hadi ijae. Tarehe na saa ziwekwe zijirekebishe zenyewe, kwa sababu saa isiyo sahihi huvuruga kumbukumbu zote. Tarehe ya mwisho wa matumizi ya kihisi nayo ikaguliwe.

Pili, programu ifunguliwe na akaunti isajiliwe kwa anwani ya barua pepe ambayo mtumiaji anaikumbuka pamoja na neno lake la siri. Akaunti iliyosajiliwa na kijana wa dukani kwa anwani yake mwenyewe ni matatizo yaliyoahirishwa: simu ikiibiwa, akaunti haipatikani na kumbukumbu hupotea.

Tatu, programu ipewe ruhusa zote inazoomba, hasa ya Bluetooth, ya kutoa arifa na, kwa simu za Android, ya mahali. Mtu anayekataa ruhusa ya mahali kwa kuhofia kufuatiliwa anaweza kukuta Bluetooth haimwoni mgeni wake, kwa kuwa matoleo ya zamani ya Android huviunganisha viwili hivyo.

Nne, ngozi ya nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, isafishwe kwa spiriti na iachwe ikauke kabisa. Mafuta ya kujipaka na jasho ndiyo maadui wakubwa wa gundi. Kihisi hubandikwa kwa kifaa chake cha kusukumia, na wengi husema maumivu yake hayazidi ya kuchoma kidole.

Tano, kihisi huwashwa. Kwa kinachotumia NFC, mgongo wa simu husogezwa juu yake polepole hadi simu itetemeke. Mahali pa kugusisha hutofautiana kati ya simu na simu, na kava nene au lenye chuma huzuia mawasiliano. Kwa aina nyingine, mtumiaji huandika msimbo ulioandikwa kwenye kifaa. Baada ya hapo kihisi huhitaji muda wa kuzoea mwili: dakika 30 kwa Dexcom G7, saa moja kwa FreeStyle Libre, na saa mbili kwa Dexcom G6. Katika kipindi hicho namba hazionekani, na kidole kinabaki kuwa kipimo pekee.

Ikumbukwe kwamba kihisi kwa kawaida hukitambua kifaa kilichokiwasha. Kukiwasha kwa simu ya jirani kwa nia ya kukihamishia baadaye kwenye simu ya mgonjwa ni kosa ambalo mara nyingi halirekebishiki.

Je, intaneti ni lazima?

Kuna dhana kwamba bila bando kihisi hakifanyi kazi. Mawasiliano kati ya kihisi na simu hayapitii intaneti. NFC na Bluetooth hufanya kazi hata pale ambapo hakuna mtandao wowote. Intaneti huhitajika wakati wa kupakua programu, kusajili akaunti, na kupeleka namba kwa mtu aliye mbali, kama vile mama aliye kazini au daktari hospitalini.

Tofauti hiyo si ndogo kwa Uganda. Mnamo Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, huduma za intaneti zilizimwa nchini kote kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo, aliyevaa kihisi huendelea kuziona namba zake, lakini ndugu anayemfuatilia kutoka mbali haoni kitu. Familia inayotegemea ufuatiliaji wa mbali inahitaji mpango wa pili: kupiga simu ya kawaida saa zilizokubaliwa, au jirani aliyefundishwa kutambua dalili.

Umeme nao una mchango wake. Simu iliyozimika haipokei chochote. Vihisi vingi huhifadhi namba kwa muda na kuzikabidhi simu ikiwashwa. Vya kwanza vya FreeStyle Libre, kwa mfano, huhifadhi saa 8 zilizopita. Namba zinarudi, lakini mlio wa tahadhari ambao haukulia saa tisa usiku hauwezi kurudi. Benki ya umeme ndogo iliyochajiwa mchana ni sehemu ya matibabu.

Simu inapoinyamazisha tahadhari

Mnamo Februari 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watumiaji kwamba mipangilio ya simu inaweza kuzuia tahadhari za vifaa vya kisukari zisisikike. Mtu huamini kwamba analindwa, kumbe simu imenyamaza.

Sababu zake ni za kawaida mno. Simu imewekwa katika hali ya kutosumbua. Imeunganishwa na spika ya Bluetooth iliyo chumba kingine, na mlio unaenda huko. Mfumo umesasishwa usiku na ruhusa zikabadilika. Simu za bei nafuu zina desturi moja zaidi: ili betri idumu, huzifunga programu zisizotumika. Kwa simu hizo, programu ya kihisi ni lazima iondolewe katika orodha ya zinazobanwa na kipengele cha kuokoa betri, na isifungwe kwa kufagiliwa kutoka kwenye kioo.

Jaribio rahisi ni kukipandisha kwa muda kiwango cha tahadhari ya sukari ya chini hadi juu ya namba iliyopo, kama programu inaruhusu, kisha kusubiri. Simu ikilia, njia iko wazi. Jaribio hilo lirudiwe kila baada ya sasisho, na kiwango kirudishwe palipokuwa.

Kuzielewa namba

Kabla ya yote, mtumiaji ajue kipimo. Programu za Uingereza huonyesha sukari kwa mmol/L. Za Marekani na Falme za Kiarabu hutumia mg/dL. Namba ya kwanza ikizidishwa mara 18 hutoa ya pili: 5.5 mmol/L ni sawa na 99 mg/dL. Ikiwa mashine ya kidole na programu hutumia vipimo tofauti, anayetafsiri vibaya anaweza kukosea dozi ya insulini.

Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, wataalamu walikubaliana mwaka 2019 kwamba lengo ni kukaa kati ya 3.9 na 10.0 mmol/L, yaani 70 hadi 180 mg/dL, kwa zaidi ya asilimia 70 ya siku. Muda wa kuwa chini ya 3.9 usifike asilimia 4. Malengo ya wajawazito ni ya chini zaidi, na ya wazee hulegezwa, hivyo kila mmoja apangiwe na daktari wake.

Mshale ulio kando ya namba una uzito sawa na namba yenyewe. Sukari ya 5.0 inayopanda si jambo moja na 5.0 inayoporomoka. Pia sukari ya majimaji ya mwilini huchelewa nyuma ya ile ya damu kwa dakika kadhaa, hasa baada ya chakula au mazoezi. Aliyeshuka, akanywa vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa majini au nusu bilauri ya soda yenye sukari, anaweza kuona namba ingali chini ilhali damu imeshapanda. Hapo kidole ndicho husema kweli, na kipimo hurudiwa baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu chochote mdomoni. Apelekwe hospitali mara moja.

Kihisi kinapokosea

Mwenye kukilalia kihisi anaweza kuona sukari ya chini isiyo ya kweli, kwa kuwa uzito wa mwili hukandamiza majimaji yanayopimwa. Siku ya kwanza ya matumizi nayo huwa na makosa zaidi kuliko zinazofuata.

Dawa pia huingilia. Vitamini C kwa kiasi kikubwa hupandisha namba za baadhi ya vihisi. Paracetamol inayozidi dozi ya kawaida huvuruga vingine. Dawa ya hydroxyurea, ambayo hutumiwa na wagonjwa wa selimundu, huvifanya vihisi vya Dexcom vionyeshe sukari ya juu kuliko ilivyo. Katika nchi kama Uganda, ambako selimundu ni ugonjwa wa kawaida, swali hilo liulizwe kabla ya kununua.

Joto ni adui mwingine. Kutegemea aina, vihisi ambavyo havijafunguliwa huhitaji kuhifadhiwa chini ya nyuzi joto 25 hadi 30. Chumba chenye paa la mabati huvuka kiwango hicho mchana. Mahali penye kivuli, karibu na sakafu na mbali na dirisha, panafaa zaidi.

Vifaa vyenyewe huweza kuwa na hitilafu. Novemba 2025, Abbott ilitoa tahadhari kuhusu baadhi ya vihisi vyake vya FreeStyle Libre 3 vilivyoweza kuonyesha sukari ya chini kuliko ukweli, jambo linaloweza kumfanya mtu ale sukari asiyoihitaji au aache insulini. Kanuni ni moja: mwili ukisema hivi na simu ikisema vile, choma kidole. Mashine ya kidole na stripu zake zisiachwe kwa sababu kihisi kimeingia nyumbani.

Kuhusu saa na pete zinazodaiwa kupima sukari bila kutoboa ngozi, FDA ilieleza mwezi Februari 2024 kwamba haikuwa imeidhinisha hata moja.

Nani anakipata?

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba asilimia 1.4 ya watu wazima wa Uganda walikuwa na kisukari, na karibu nusu yao hawakuwa na habari. Tangu mwaka 2009 mpango wa Changing Diabetes in Children, ambao Uganda ni miongoni mwa nchi zake, umekuwa ukisaidia watoto kupata insulini bure. Utafiti wa awali uliochapishwa mwaka 2020, uliowahusisha watoto na vijana wa Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba vihisi vinaweza kutumika katika mazingira ya Afrika Mashariki, na pia kwamba sukari za vijana hao zilikuwa mbali na malengo.

Nchini Uingereza, tangu mwaka 2022 miongozo ya afya inataka kila mwenye kisukari cha aina ya kwanza apewe fursa ya kuvaa kihisi. Kwa Mganda wa kawaida gharama hutoka mfukoni. Mwaka mmoja wa kuvaa vihisi vya siku 14 bila kukatisha huhitaji vihisi 26, na familia nyingi hazifiki huko.

Hata hivyo, kihisi kimoja si bure. Kikivaliwa wiki mbili kabla ya siku ya kliniki, huku mgonjwa akiandika saa alizokula matooke, posho au chapati, saa alizojidunga insulini na saa alizolala, humwonyesha daktari mambo ambayo vipimo vinne vya kidole kwa siku haviwezi kuonyesha: sukari inayoshuka alfajiri, au inayopanda kila jioni. Dozi ikirekebishwa kwa ushahidi huo, faida yake hubaki hata baada ya kibandiko kung'olewa na mgonjwa kurudi kwenye kidole.

Ndiyo maana siku ya kukiwasha huhitaji utulivu. Simu iwe imekaguliwa, programu iwe imefunguka, betri iwe imejaa, na mtu mmoja zaidi nyumbani awe anajua mlio ule una maana gani na sukari ya dharura iko wapi. Hapo ndipo kasha lifunguliwe.